Vyoo Vyeupe vya Nyimtse

Lungmar, 9 Oktoba 1997

Kwa Ache wangu Spalzes, dada mkubwa, mama wa pili, mwenye ulimi wa kunolea visu,

Kaa chini kwanza na birika uliweke pembeni, maana habari hizi hazisomwi mtu akiwa amesimama. Mdogo wako ana bahati, Ache. Sisemi bahati ya kuokota kisu njiani. Nasema bahati ile ya kuzaliwa nayo, ambayo mnajimu wetu alimwambia mama kwamba mimi sina. Injinia wa mradi wa maji alisimama mbele ya vijana wote wa kujitolea, wenye vyeti vya chuo, wenye miwani, wenye kalamu mbili mfukoni, akawapita wote kwa macho, akaninyooshea kidole mimi. "Bonde la Lungmar," akasema, "nampa Gurmet." Mimi, mtu niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu ya mbuzi.

Basi sasa nakaa kiti cha mbele kwenye gari la mradi. Nina chumba chenye dirisha la kioo. Watu wa huku wakinimiminia chai hawabani siagi, wanaitia mpaka mdomo unateleza. Siku niliyofika walinivika skafu nyeupe moja juu ya nyingine hadi nikafanana na kondoo wa maonyesho. Bibi mmoja ameniuliza kama nimeoa, si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya mjukuu wake, nikamjibu nitafikiria, kwa sababu mtu mwenye cheo hajibu harakaharaka. Wale waliosema nitarudi kutoka jikoni za hoteli za mji wa Manali na kitambi tu, wasomee mstari huu kwa sauti.

Nisamehe kwa kuondoka bila kuaga vizuri. Gari lilikuja asubuhi na cheo hakisubiri mtu afunge kamba za viatu. Aba alikuwa bado amelala, nikaona nisimwamshe baba yetu. Mkandie miguu kwa mafuta ya aprikoti, na umwambie ni mimi niliyekutuma.

Jambo dogo tu. Aba achemshiwe maji ya kunywa, na wewe pia. Si kwamba kuna kitu. Mijini siku hizi kila mtu anachemsha, ni ustaarabu. Na vile vyoo vyangu vyeupe nilivyojenga shuleni vinaendeleaje? Lile shimo lao nyuma ya ukuta wa sala halijatitia? Kama huna nafasi ya kwenda kulitazama, acha.

Morup dereva atapita tena na lori lake. Mpe jibu, na aprikoti kavu zile za mti wa karibu na zizi, siyo zile unazowapa wageni.

Mkuu wa Maji wa Bonde la Lungmar,
Gurmet wako


Nyimtse, 3 Novemba 1997

Nono Gurmet, mdogo wangu, mkuu wa maji na wa maneno,

Barua imefika na imeshanuka dizeli ya Morup. Sisi wazima wa kutembea. Shayiri tumepura, majani ya mifugo tumepandisha juu ya paa, ng'ombe mweusi amekausha maziwa kwa ukaidi wake tu. Aba anakusalimu. Anauliza kama kiti cha mbele kina mto, maana anajua ulivyo na makalio ya kulalamika.

Niliisoma barua yako kinuni, mbele ya wote waliokuja kusaga. Mkuu wa kijiji alinirudisha mara mbili pale injinia aliponyoosha kidole. Wanasema Nyimtse sasa imetoa mtu. Kunzes peke yake, amembeba mtoto mgongoni, akasema kila Gurmet aliyewahi kumwona garini alikuwa nyuma na mbuzi. Watu walicheka mpaka unga ukamwagika. Unamjua mwenyewe. Tangu jirani yetu askari amlete kutoka bonde la pili hajawahi kumeza neno, na mume akiwa kambini ndiyo kabisa, mama mkwe anabaki kutikisa kichwa.

Vyoo vyako vinang'aa. Mkuu wa kijiji anawapeleka wageni shuleni kuvitazama kama wanaopelekwa hekaluni, na nyumba zote za juu zinavitumia. Sisi wa chini tunapanda kilima na kopo la maji kwa ajili ya haja, kama mahujaji. Kile choo chetu cha ghorofani nimekiziba tundu kama ulivyoniamuru, na chumba cha chini tulichokuwa tunatoa mbolea kila masika nimejaza kuni. Ulisema mashamba yatakula mbolea ya dukani. Duka hilo liko wapi, Nono? Miaka yote udongo na majivu na uchafu wetu wenyewe ndivyo vimetulisha, leo unatuambia ni ushamba.

Shimo lako sijalitazama. Nina kazi kuliko kutazama mashimo.

Kuna jambo moja halijakaa vizuri. Tangu shayiri iingie ndani, watoto wa shule wanaharisha, mmoja akipona mwingine anaanguka. Aba naye limempata, amekonda. Wengine wametoka vipele mikononi. Mnajimu alifungua vitabu vyake akasema wenye chemchemi, wale wasioonekana, wameudhika, kuna mtu amewachafulia nyumba. Tumewapelekea maziwa, tumepaka chokaa kijumba chao. Bado. Kuhusu kuchemsha, watu wangeniona nimeingiwa na kiburi. Maji ya chemchemi ya Nyimtse tangu lini yakachemshwa? Na samadi ya kuwashia yenyewe haitoshi.

Aprikoti nimetuma. Ni zile za wageni.

Dada yako,
Spalzes


Lungmar, 22 Novemba 1997

Ache,

Barua yako ilinikuta nakula, nikaacha kula. Usishtuke, chakula chenyewe kilikuwa kibaya. Mpishi wa huku angefaa kupelekwa mahakamani.

Huku baridi imeanza kuuma pua. Sisi wa kujitolea tunaamka tukiwa tumegandamana kama maandazi yaliyosahauliwa sufuriani. Mmoja wa vijana wa chuo amejaribu kuchimba mtaro akiwa amevaa glavu za sufu alizofumiwa na mama yake, sululu ikachomoka ikaenda na glavu zote mbili, ikatua kwenye paa la mzee mmoja aliyekuwa anasali. Mzee hakusimamisha sala. Alitupa glavu chini, sululu akabaki nayo.

Watu wa huku nao wanataka vyoo vyeupe. Nimewaambia vyao vya udongo wasivizibe hata kimoja, na chochote kitakachochimbwa kitachimbwa chini ya chemchemi na mbali nayo. Wanashangaa, wamesikia ya Nyimtse. Nimewajibu kila bonde na mpango wake.

Nimempa Morup dawa. Zile pakiti za chumvi na sukari uzikoroge kwenye maji yaliyochemka, Ache, yachemke kweli, yatoe mapovu, uwape Aba na watoto. Na kama mnaweza, chukueni maji ya kunywa kule juu kwenye kijito cha barafu. Ni mwendo, najua. Nimesikia maji ya barafu yanaongeza umri. Mwambie mkuu wa kijiji kwamba mtu mwenye cheo amesema.

Kuhusu wenye chemchemi, mimi si mnajimu, siwezi kusema kitu.

Mkumbatie Aba. Mwambie mto wa kiti cha mbele upo, tena mwekundu.

Gurmet


Nyimtse, 16 Desemba 1997

Nono,

Morup anasema hii ni safari yake ya mwisho kabla njia ya juu haijafungwa, kwa hiyo naandika huku amekaa hapa anakunywa supu yangu na kuhesabu mawingu. Aba anakaa dirishani akiota jua. Dawa yako ilimsaidia, kisha ikaisha. Kijitoni tulikwenda siku chache, barafu ikakifunga, tukarudi kwenye chemchemi.

Sasa nikuambie ambalo sikutaka kuliandika. Mtoto wa mkuu wa kijiji alizidiwa, akabebwa kwa farasi hadi zahanati ya wanajeshi, karibu wampoteze. Yuko hai. Lakini baada ya hapo watu wakataka jina. Msichana mmoja akasema alimwona Kunzes anafua nepi za mtoto chemchemini. Baraza likakaa. Kunzes akasema alifua kwenye mfereji wa chini, pale tunapofua sote, na kwa kuwa ni Kunzes, akaongeza habari za sketi za mke wa mkuu wa kijiji na zinavyofuliwa. Ungekuwapo ungecheka. Hakuna aliyecheka.

Wameamua. Mpaka akiri na agharimie kafara ya kuwatuliza wenye chemchemi, hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kuingia kwake, na zile nyumba zetu za undugu, tunaosaidiana uzazi, harusi na kuchoma maiti, hazitakwenda kwake kwa lolote. Na nyumba yetu ni mojawapo. Mama mkwe wake yuko kitandani, Nono. Nilikaa kwenye mstari wa wanawake nikatazama viatu vyangu.

Jioni alikuja ukutani kwetu, hakuvuka. Nilidhani amekuja kunitukana.

"Mwandikie ndugu yako," akaniambia. "Mfereji uko chini, chemchemi iko juu. Yeye ndiye aliyeshika mabomba. Muulize kama maji yanapanda mlima."

Nikamwambia mkuu wa kijiji hatanisikiliza mimi.

"Wewe hapana," akasema. "Atamsikiliza mtu wa kiti cha mbele."

Nimekwenda kwa mkuu wa kijiji. Amekubali: neno lako likija kwa maandishi litasomwa barazani, kwa sababu wewe ndiye fundi wa maji na umetoka hapahapa. Kwa hiyo tafadhali, acha utani mara moja tu. Andika mistari miwili. Njia ikifungwa, wabeba barua wa miguu watapita hali ya hewa ikitulia.

Spalzes


Lungmar, 8 Januari 1998

Ache mpendwa,

Heri ya mwaka mpya uliopita. Huku tuliusherehekea kwa pombe ya shayiri iliyokuwa kali kiasi kwamba farasi wa mbao tuliochonga walionekana wanakimbia. Nilicheza ngoma ya wazee, nikaanguka juu ya ngoma yenyewe, ikapasuka, na mwenye ngoma akanisamehe kwa sababu ya cheo changu. Vijana wa chuo wanaimba nyimbo za sinema, sauti zao mbovu, ila mbwa wa kijiji wanaitikia.

Kuhusu uliloniuliza. Nimeanza barua hii mara kadhaa, karatasi nyingine zimeingia jikoni kuwashia moto. Maji ni kitu kirefu, Ache. Kuna maji ya juu, kuna maji ya chini, kuna yanayotembea ndani ya ardhi ambayo jicho haliyaoni. Fundi hawezi kusema neno bila kufika na kupima. Kwa hiyo andika, au soma hapa kama nilivyoandika, kwamba ugonjwa wa maji una sababu nyingi, na suala hili linahitaji uchunguzi, na kwa sasa wazee waendelee kuongoza kwa busara zao. Kunzes avumilie kidogo. Masika nitakuja na vipimo.

Natuma kofia ya sufu kwa mtoto wake. Usiseme imetoka kwangu.

Maji mchemshe.

Gurmet


Nyimtse, 11 Februari 1998

Gurmet,

Aba amelala. Mimi mzima.

Barua yako niliisoma barazani, yote kuanzia "ugonjwa wa maji", ile ya ngoma niliiruka. Niliisoma kwa sauti ya kutosha. Nilipomaliza, watu waliendelea kunitazama wakidhani kuna ukurasa mwingine. Kisha mkuu wa kijiji akasema, mmesikia, hata fundi mwenyewe hakumtetea. Kunzes alikuwa amesimama mlangoni. Alinishukuru kwa kujaribu. Kunzes, kunishukuru. Ningeona afadhali anitemee mate.

Mama mkwe wake akafa siku ile theluji ilipoanguka kwa wingi. Watawa walikuja wakasoma sala zao, hao wanakuja kwa kila mtu. Lakini wa kumfunga maiti, wa kumbeba, wa kujenga tanuri la kumchomea, hakuja hata mmoja. Ilikuwa zamu yetu sisi wa nyumba za undugu, na milango ilifungwa. Marehemu akakaa ndani, na Kunzes akakaa naye na mtoto.

Mimi nilikuwa nasuka kamba. Nilisikia kitu kinaburuzwa, nikageuka, ni Aba anatafuta viatu vyake. Nikamwambia arudi kitandani, kijiji kimeamua, na miguu yake haiwezi.

"Mimi nilikula harusini kwa huyu mama," akasema. "Leo niseme sijui njia ya kwake?"

Basi tukaenda. Aba alishika mbele na mimi nyuma, Kunzes akabeba kuni, na mtawa mmoja kijana akakunja mikono ya joho lake akatusaidia kupandisha. Tanuri tulilijenga kwa matope tuliyoyayeyusha kwa maji ya moto. Watu walikuwa juu ya mapaa yao wakitutazama. Aba alianguka mara ya kwanza kwenye mteremko, akainuka. Tangu siku ile hajainuka tena. Hana maumivu, anasema. Analala na kutazama dari. Na moto wetu sasa tunauwasha wenyewe, maana na sisi hatupewi.

Na kuna hili. Tangu wamtenge Kunzes, watoto wamepona. Wote. Hakuna anayeharisha, vipele vimekauka. Watu wanasema, si mmeona? Mkuu wa kijiji ametangaza kwamba kabla ya kupanda shayiri, Kunzes afungashe arudi bonde la kwao, na mumewe akipata likizo atamfuata huko au ataoa mwingine. Analia sasa. Sikujua kwamba Kunzes hulia.

Nina swali moja na sitaki mzaha ndani ya jibu. Barua yako ya kwanza kabisa, ya Oktoba, uliniambia nimchemshie Aba maji. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa ameugua ulipoondoka. Nilikuwa bado sijakuandikia habari ya ugonjwa wowote. Ulijuaje?

Spalzes


Lungmar, 2 Machi 1998

Ache,

Barua hii usiisome peke yako. Liite baraza, aje mkuu wa kijiji, waje wa nyumba za undugu, aje Kunzes naye asimame mbele, siyo mlangoni. Kama Aba anaweza kubebwa, abebwe. Isome yote, usiruke kitu.

Kunzes hakuchafua chemchemi. Ni mimi.

Injinia alipokuja kupima alitia alama ya shimo la vyoo upande wa magharibi wa shule, mbali, ng'ambo ya mgongo wa kilima, ambako maji yake hayawezi kushuka kwetu. Mnakumbuka ardhi ya pale ilivyo. Mawe matupu. Tulivunja sululu, vijana wakatoka malengelenge, na wageni wakubwa walikuwa wamepangiwa siku ya kuja kuzindua. Nilikuwa nimeshajigamba kila nyumba kwamba siku ile vyoo vitakuwa vinamwagwa maji. Injinia akashuka mjini kuwapokea wageni, akaniachia kazi. Mimi nikatafuta udongo laini, nikaupata nyuma ya ukuta wa sala. Nilijua chemchemi iko chini yake. Nilisimama pale nikaiona. Nikajiambia ardhi ni nene, nikajiambia nitalisakafia vizuri kwa saruji, halitavuja. Kisha saruji nikaimalizia kwenye ngazi za mbele, zile watakazopigia picha, na shimo likabaki wazi chini, udongo mtupu. Injinia aliporudi aliuliza kama limesakafiwa. Nikasema limesakafiwa. Alikuwa na wageni nyuma yake, akaniamini.

Mlinivika skafu siku ile. Nilizivaa zote.

Baadaye, watu wameshatawanyika na wageni wameondoka, nilishuka chemchemini kunywa maji. Niliinama nikayaweka mdomoni, nikayatema. Mnajua pua yangu, nimefanya kazi jikoni, haikosei. Harufu ilikuwa ndogo tu. Mtu asiyejua kilicho juu pale asingeisikia. Nikasimama nikitazama kama kuna aliyeniona. Kesho yake asubuhi gari lilikuwa linaondoka nikapanda.

Ningeweza kusema ule ulikuwa mshtuko, kwamba sikuwa na akili sawasawa. Lakini Spalzes aliniuliza mwezi wa kumi na mbili, waziwazi, kwa mistari miwili tu, na nilikuwa na akili zangu zote. Nilijua Kunzes anasubiri. Nilikaa na kalamu nikachagua kila neno la ile barua ili lisiseme kitu. Maiti ya yule mama imekaa ndani kwa sababu yangu. Aba amebeba mzigo uliokuwa wangu.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo la haraka kuliko yote. Watoto hawakupona kwa sababu mmemtenga mtu. Wamepona kwa sababu ya baridi. Shule imefungwa, shimo limeganda, uchafu wote uko pale umekaa kama jiwe. Jua likirudi utayeyuka na utashuka wote kwa pamoja, na itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo leo hii, siyo kesho: vyoo vyeupe vyote vifungwe kwa mbao na misumari. Zibueni vyoo vyenu vya udongo, rudisheni majivu na koleo mahali pake, havikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la mtu aliyetaka kijiji kifanane na hoteli. Maji ya kunywa yayeyusheni kutoka kwenye barafu ya juu, au mchemshe, na samadi ikipungua chukueni yote iliyo kwenye zizi letu. Anayetaka kusema ni wenye chemchemi waliokasirika, sibishani naye. Walikuwa na haki, na walimkasirikia mtu sahihi, ila alikuwa hayupo.

Injinia nimemwambia jana. Akaniambia maneno ambayo siwezi kumwandikia dada yangu. Atakuja na watu njia ikifunguka, kuhamisha mahali pa kutekea maji na kusafisha mabomba. Mimi simsubiri. Naondoka na wafanyabiashara wa chumvi wanaovuka kwa miguu, wanasema theluji imeanza kushikamana. Shimo nitalichimba mwenyewe kabla halijayeyuka, kipande kwa kipande, na kuubeba uchafu wake mgongoni kupitia katikati ya kijiji hadi ng'ambo ya kilima. Watoto waruhusiwe kutazama.

Ache, utauliza kwa nini nisije tu nikasema kwa mdomo. Ni kwa sababu najijua. Nikifika nitaanza na mzaha, ninyi mtacheka, nami nitaishia hapo. Nataka nifike nikute mmeshajua, ili mdomo wangu usiwe na pa kupita. Mbeba barua anatembea haraka kuliko watu wa chumvi.

Mwambie mkuu wa kijiji, kama kuna mtu wa kufungasha kabla ya kupanda shayiri, nifungashe mimi. Gharama ya kafara iko juu yangu. Kunzes sijui nimwambie nini. Akitaka kunitukana barazani, apewe nafasi yote na asikatizwe, nami nitasimama hapo mpaka achoke.

Aba mwambie anisubiri. Usimwambie kwa nini. Akiwa ameshasikia, mwambie anisubiri hivyohivyo.

Na ile barua ya Oktoba mliyosomewa kinuni. Injinia hakuninyooshea kidole. Alipouliza nani yuko tayari kupelekwa mbali zaidi, niliinua mkono kabla hajamaliza kusema. Bonde la Lungmar lina mkuu wake, ni kijana wa chuo, yule wa glavu. Mimi huku ni mpishi. Nilikuja nyuma ya lori la Morup, juu ya magunia, na nimemlipa asiseme. Hakuna kiti cha mbele, hakuna mto mwekundu, hakuna bibi mwenye mjukuu. Sina bahati na sikuwahi kuchaguliwa. Nilikimbia.

Gurmet